Mkono Mwepesi (9): Bawaba Upande wa Kioo

Nyundo ilikuwa juu, shemeji alikuwa chini yake, na mimi nikakukatizia utamu hapo hapo. Najua ulinisema juma zima. Haya, nisamehe, vuta kiti, maana nyundo yenyewe inashuka.

Ilishuka kwa nguvu zote za mwanamume aliyefanya useremala miaka kumi na tisa. Ikampita shemeji sikioni, pengo la kidole kimoja tu, ikazama kwenye mlango ulioegemezwa nyuma yake. Plaiwudi ikapasuka. Nyundo ikanasa humo ndani, mpini ukabaki nje unatikisika.

Msumeno wa mashine ukazimwa, aliyekuwa akipiga msasa akaacha. Gundi, fundi vitasa anayeitwa hivyo kwa kunata kila penye habari, alifumba jicho moja na kuliacha la pili wazi asije akapitwa.

Randa, fundi milango wetu, alihema. Jambo la kwanza lililomjia kichwani halikuwa huruma wala majuto. Alijiambia, sijamgusa. Mkono wangu haujamgusa mtu.

Maana mkewe alikwisha kumwekea mpaka. Majuma matatu nyuma Randa alimsukuma, akaangukia mkono, kifundo kikateguka. Mama watoto hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa kitandani akajifunga kitambaa mkononi, ncha moja kaishika kwa meno, kisha akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba akimgusa tena mtu kwa hasira, yeye au mtu mwingine yeyote, siku hiyo hiyo anaondoka na harudi. Hakurudia maneno hayo, na Randa anamjua mwanamke yule: hasemi jambo ili lisikike tu.

Watoto wao wamekwisha oa na kuolewa, kila mmoja yuko kwake. Mama watoto akiondoka, Randa anabaki na kuta nne na redio. Na anampenda, tusimsingizie. Anampenda na anamuumiza, na ukimuuliza kwa nini, anataja kazi.

Sasa shavuni mwa shemeji kulikuwa na mchirizi wa damu. Kibanzi cha plaiwudi kilikuwa kimemrukia. Randa aliitazama ile damu, akajiuliza kama hiyo nayo ni kugusa, akajijibu upesi kwamba siyo.

Kwa wewe uliyeingia leo, nikueleze kidogo halafu twende. Shemeji huyu ni mdogo wake mama watoto, wa kiume, wa tumbo moja. Randa ndiye aliyemfundisha kushika patasi, akiwa kijana, barazani kwake. Baadaye akaenda chuo cha ufundi, akafanya kazi huku na huko, na miezi miwili iliyopita cheti chake kikafikishwa karakana hii na nani? Na Randa mwenyewe. Alidhani anamtafutia shemeji yake kazi ya kukata mbao.

Wakati huo msimamizi wa zamani alikuwa anastaafu, na hapakuwa na mtu karakana nzima ambaye hakujua nafasi ile ni ya Randa. Mwenyewe alikwisha anza kutembea kama msimamizi. Halafu asubuhi moja Bimkubwa, mjane mwenye karakana yake, akashuka ngazi za ofisini, akawakusanya, akamtangaza shemeji.

Tangu siku hiyo Randa hakulala vizuri. Meza yake ya kazi ikahamishwa kutoka dirishani, ikapelekwa pembeni karibu na stoo, kusikokuwa na mwanga. Akitaka kutumia mashine ya kunolea, sharti atie sahihi. Na asubuhi ya leo, mbele ya mafundi kumi na wanne, shemeji akapima kazi yake, akatikisa kichwa, akasema pengine ni umri, macho nayo huchoka. Mmoja akacheka. Ndipo nyundo ikapanda.

Bimkubwa aliteremka ngazi taratibu. Alikuwa amesikia kishindo. Akautazama mlango, akaitazama nyundo iliyozama hadi shingoni, akamtazama shemeji shavu lake. Kisha akauliza kumetokea nini.

Randa alikuwa anangoja jina lake litajwe.

"Nyundo imemponyoka fundi," akasema shemeji.

Bimkubwa aliushika mpini, akautikisa, haukutoka. Mwanamke huyu alikaa na maseremala maisha yake yote na anajua nyundo iliyoponyoka huanguka wapi. Hakusema hilo. Aliuliza tu mlango utatengenezwa na nani, akaambiwa fundi mwenyewe ataubandika uso mpya kabla ya saa za kutoka. Akapanda ngazi zake.

Unadhani Randa alishukuru? Thubutu. Kusitiriwa na mtu anayemchukia kulimuuma kuliko kushitakiwa. Angeshitakiwa angejua la kusema.

Shemeji akamsogelea, leso shavuni, akasema kwa sauti ya chini asisikike na Gundi, ingawa Gundi alikwisha sogea hatua mbili.

"Usidhani nimekuhurumia, shemeji. Nimenyamaza kwa ajili ya dada. Ule mkono aliniambia ameanguka bafuni. Mimi nimekua naye yule, najua anavyodanganya."

Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama Randa.

Shemeji akaendelea kwamba akitaka, anaweza kumpigia dada yake simu sasa hivi na kumweleza habari ya nyundo, na kabla ya adhuhuri dada huyo atakuwa amefunga mizigo. Hatafanya hivyo. Lakini kazi ya leo iishe. Milango ishirini na minne ya hospitali, wodi mpya, lori linakuja kesho asubuhi. Yeye anakwenda huko huko hospitali kupima fremu na atarudi saa kumi. Randa achimbe nafasi za bawaba, Gundi afuate nyuma na vitasa. Kila mlango ameutia alama kwa penseli.

"Fuata alama," akasema. "Usibuni."

Akaondoka.

Usibuni. Neno dogo hilo lilimkaa Randa kooni. Kijana aliyemfundisha yeye mwenyewe kutofautisha mbao mbichi na kavu anamwambia asibuni. Alikwenda bombani akanawa uso mara mbili na bado ulikuwa wa moto.

Akauvuta mlango wa kwanza mezani. Akatafuta alama. Ilikuwepo, msalaba wa penseli ubavuni, umechorwa vizuri, kisomi.

Hapa msomaji nisikilize, maana ndipo penye kisa. Katika karakana hii, tangu enzi za marehemu mume wa Bimkubwa, msalaba ubavuni mwa mlango maana yake ni bawaba. Hakuna aliyeandika hilo ukutani. Anayeingia hulijua kwa kuona wenzake. Lakini chuoni alikosoma shemeji, msalaba ni kitasa, maana ndipo panapotobolewa kwa uangalifu zaidi. Na hii ilikuwa kazi ya kwanza ya milango tangu ashike usimamizi. Hakuuliza, wala hakuambiwa.

Randa alijuaje? Kwa kioo. Milango ya hospitali ina kijidirisha cha kioo, na kijidirisha hicho hukaa upande wa kitasa, ili muuguzi anayesukuma kitanda amwone anayekuja kutoka upande wa pili kabla hawajagongana. Matundu ya vioo yalikuwa yamekwisha katwa. Na msalaba wa shemeji ulikuwa upande huo huo wa kioo. Fundi yeyote wa mwaka wa pili angeona kwamba msimamizi amekusudia kitasa na ameandika bawaba.

Akautazama wa pili. Vile vile. Wa tatu, wa nne, yote ishirini na minne.

Randa akacheka peke yake.

Nje, shemeji alikuwa bado getini, pikipiki yake inagoma kuwaka. Amepiga teke la kwanza, la pili, la tatu. Neno moja tu lingetosha, kwamba shemeji, hebu njoo, msalaba wako unamaanisha nini, na mambo yote yangeishia pale na mimi ningetafuta kazi nyingine ya kuandika. Randa hata alifungua mdomo. Nakuapia alifungua mdomo.

Halafu akaikumbuka meza yake ya dirishani. Akakumbuka kutia sahihi kwa ajili ya kunoa patasi yake mwenyewe. Akakumbuka macho kuchoka.

Pikipiki ikawaka. Randa akaufunga mdomo, akachukua mashine, akaanza kuchimba.

Na alichimba vizuri, hapo ndipo ubaya wake. Hakulipua. Kila nafasi ya bawaba ilikaa sawa, kina sawa, kona zimenyooka, kisha akazisafisha kwa patasi. Bawaba tatu kwa kila mlango. Kwa miezi miwili mikono yake ilikuwa na kazi isiyo na raha, leo raha imerudi. Kila vumbi la mbao lilipomrukia usoni alimwona shemeji amesimama mbele ya Bimkubwa hana la kujitetea.

Kwenye mlango wa saba akaja Gundi na sanduku lake la vitasa.

Gundi ana maneno mengi lakini si mjinga. Aliinama, akaangalia bawaba, akaangalia kioo, akaangalia bawaba tena. Akakuna kichwa.

"Fundi, hapa bawaba zimekaa upande wa kioo."

Randa akamwambia afuate alama.

"Alama naiona. Lakini huyu bwana si wa hapa, huenda kwao msalaba ni kitasa. Ngoja nikampigie simu mara moja tu."

Akatia mkono mfukoni kutoa simu. Hakuitoa. Randa alikuwa amemkamata ukosi wa shati, amemkandamiza kwenye rundo la mbao, kidole gumba kimeingia kooni. Gundi ni mwembamba, miguu yake ilikuwa inatafuta sakafu.

"Wewe ndiye msimamizi?" Randa akamuuliza. "Nauliza, wewe ndiye msimamizi hapa?"

Gundi hakuweza kujibu hata kama angetaka. Alitikisa kichwa. Randa akakaza kidogo, akamwagiza atoboe vitasa upande uliobaki na mdomo aufumbe, akamwachia. Gundi akakohoa muda mrefu ameshika magoti. Kisha akaokota sanduku lake akaanza kutoboa, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakumsimulia mtu.

Uliona? Shemeji, mwenye cheo, aliponea kwa pengo la kidole kimoja. Gundi, ambaye maisha yake yote hakumkosea Randa hata mara moja, ndiye aliyekabwa. Na wakati anamkaba, je, alimkumbuka mama watoto na mpaka wake? Hakumkumbuka kabisa. Alirudi kwenye mlango wa nane.

Saa kumi kasorobo kazi yote ilikuwa imekwisha, na uso mpya wa ule mlango uliopasuliwa umebandikwa vizuri hujui uko wapi.

Saa kumi juu ya alama shemeji akarudi. Bimkubwa naye akateremka, maana ana kawaida yake: hakuna mzigo wa milango unaotoka kabla yeye mwenyewe hajapachika mmoja kwenye fremu ya kujaribia iliyosimamishwa uani. Mafundi wawili wakaubeba mlango, wakaupachika, wakakaza skrubu.

Bimkubwa akausukuma. Ukafunguka. Akasimama upande wa pili, akauvuta, akainamia kijidirisha. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu, kioo kinafanya nini huku kwenye bawaba.

Shemeji akasogea. Akaweka kiganja juu ya mlango. Halafu akakimbia ndani, nao wakamsikia akiivuta milango mmoja mmoja, akiiachia, akivuta mwingine. Aliporudi uani alikuwa amebadilika rangi.

"Alama ni zangu," akasema. "Mimi ndiye niliyezitia, Bimkubwa."

Hakujificha, tumpe haki yake. Kisha akamgeukia Randa.

"Ulijua?"

Randa alikuwa ameingoja dakika hiyo tangu asubuhi, tangu miezi miwili. Akajipangusa vumbi mikononi polepole.

"Uliniambia nisibuni."

Mafundi wakatazama chini. Hakuna aliyecheka safari hii. Shemeji akafungua mdomo, na Randa akamwona jinsi alivyopima. Angeweza kuitaja nyundo sasa, mbele ya wote. Hakuitaja. Alimfikiria dada yake, akaufunga mdomo.

Bimkubwa akasema wodi inafunguliwa keshokutwa na wagonjwa wanahamishiwa humo, na yeye ndiye atakayekwenda kuwaambia hakuna milango. Akanyoosha mkono, akaomba funguo za stoo. Shemeji akazitoa mfukoni, akamkabidhi, akachukua kofia yake ya pikipiki, akaenda zake. Miezi miwili ya usimamizi iliishia hapo uani.

Kisha Bimkubwa akamtazama Randa. Macho yake yakahama, yakaenda kwa Gundi, yakatua shingoni, pale palipokuwa pekundu juu ya ukosi, yakarudi.

"Kesho asubuhi kabla ya kengele njoo ofisini kwangu," akasema. "Karakana haiwezi kukaa bila msimamizi."

Randa alilisikia neno moja tu katika yote hayo. Msimamizi. Yale macho hakuyaona.

Alitoka getini kifua mbele. Akapiga mluzi, kitu ambacho hakukifanya siku nyingi. Akapita kwa kinyozi, akakaa foleni bila kulalamika, akanyolewa ndevu na nywele, akamwachia kinyozi atie na mafuta. Karibu saa nzima alikaa kwenye kile kiti akijitazama katika kioo. Uso ulikuwa umelainika. Alijiambia sasa yamekwisha. Kilichokuwa kinamtia hasira kimeondoka. Mama watoto ataona mume mwingine kabisa, asiyeinua tena sauti wala kuvunja chombo, na siku ya mapumziko atamtengenezea lile kabati la jikoni linaloinama. Alimaanisha kila neno. Watu wa aina yake humaanisha.

Jua lilikuwa bado halijazama alipoingia kwake.

Mama watoto alikuwa ameketi sebuleni, kwenye kiti kinachoelekea mlango. Amevaa gauni la kutokea na viatu miguuni. Redio imezimwa. Randa hakushangaa, alikuwa amejaa habari zake. Akamwaga zote amesimama pale pale, kwamba Mungu si wa mtu mmoja, kwamba Bimkubwa amemwita kesho asubuhi, kwamba ile nafasi hatimaye imerudi kwa mwenyewe. Habari ya milango akaipunguza. Alisema mdogo wako amekosea vipimo, pole yake, kazini hutokea.

"Hongera," akasema mama watoto.

Akamtazama kichwa kilichonyolewa, kisha akauliza.

"Gundi hajambo?"

Randa akacheka kidogo, akauliza Gundi ana nini.

"Shingo."

Kicheko kikakatika. Randa akataka kujua ni nani aliyemwambia. Mama watoto alikuwa amekunja mikono mapajani, wa kulia juu ya wa kushoto, ule wa kushoto ambao bado una kitambaa.

Basi Randa akaanza kujieleza, na wewe msomaji maelezo hayo unayajua hata kabla hajayasema. Kwamba ilikuwa mzaha. Kwamba haikuwa mzaha lakini Gundi alimchokoza. Kwamba yeye si mtu mbaya, ila mtu ananyimwa haki yake miezi miwili, anadharauliwa na mtoto aliyemlea mwenyewe, anasogezwa gizani, mnataka afanye nini, ameumbwa kwa mbao? Angepewa cheo chake tangu siku ile, yasingetokea haya yote. Sauti ilikuwa inapanda na hakuisikia.

"Nyinyi ndio mnaonifikisha huku," akamaliza. "Wewe na mdogo wako."

Mama watoto akasimama. Hakusogea nyuma, hakusogea mbele.

"Cheo kile kilikuwa chako, baba watoto. Bimkubwa alikwisha amua kukupa. Mimi ndiye niliyekwenda kumzuia."

Randa hakuelewa. Alimwambia arudie.

Akarudia, taratibu, kama mtu anayesoma barua. Ilikuwa siku mbili baada ya Randa kumtupia sahani iliyomchana bega. Alikwenda karakana Randa akiwa amepelekwa kazi ya nje, akapanda ngazi hadi ofisini, akafunga mlango, akafungua vifungo vya gauni akamwonyesha Bimkubwa bega lake.

"Nikamwambia ukimweka huyu juu ya watu kumi na wanne, kazi ikiharibika wataumia kama mimi ninavyoumia. Akaniuliza basi ampe nani. Nikamtajia mdogo wangu."

Alisema alidhani atamwokoa kila mtu. Kisha akasema, na hapa ndipo sauti yake ilipotetemeka kwa mara ya kwanza, kwamba hakujua hasira zile zitarudi kwake zimeongezeka, na kwamba kila Randa aliporudi nyumbani amenuna kwa ajili ya cheo yeye alikuwa akijua sababu na akinyamaza, na alikuwa akiogopa. Leo ameamua asiogope tena.

Miezi miwili. Miezi miwili Randa amemchukia shemeji mchana na usiku, amepasua mlango, ameharibu milango ishirini na minne, amemkaba Gundi, na aliyemnyima cheo ni mikono yake mwenyewe, yeye na ile sahani. Hilo aliliona. Lilimjia wazi kabisa pale sebuleni. Aibu ilikuja kwanza, ikampanda hadi masikioni yaliyonyolewa sasa hivi, na laiti ingekaa hata dakika moja pengine ingemsaidia.

Haikukaa. Hasira ikaja juu yake ikaifunika, maana hasira ndiyo aliyoizoea. Akamwona mkewe akiwa na vifungo wazi mbele ya bosi wake, akimsema. Akawaona wote wawili wakijua, yeye peke yake hajui.

Akageuka, akaufunga mlango wa mbele. Akazungusha ufunguo. Mara moja, mara mbili.

"Nilijua utafanya hivyo," akasema mama watoto nyuma yake. "Ndiyo maana siko peke yangu."

Pazia la chumbani likasogezwa. Akatoka Bimkubwa, mkoba begani, na simu mkononi. Alikuwa amefika wakati Randa yuko kwa kinyozi, ametoka moja kwa moja kwa Gundi, na alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha Randa akisikia neno kwa neno.

"Nilitaka nikuone ukiwa kwako kabla sijakuweka juu ya watu," akasema. "Fungua mlango, fundi."

Hakupandisha sauti. Mama watoto naye alikuwa amesimama wima, anamtazama usoni, na Randa aliona kwamba hawa wawili wanangoja jambo moja tu. Mke yuko humo ndani. Cheo kiko humo ndani. Kuzungusha ufunguo mara mbili kurudi upande wa pili, kusema nimekosa, na huenda kimoja kati ya hivyo viwili angekipata bado. Alilijua hilo kama anavyoijua kazi yake.

Randa akauchomoa ufunguo, akautia mfukoni.